Nilivyosimama kuisema serikali ya kijiji

Wenzangu, leo nimesimama mkutanoni kwa mara ya kwanza, na natamani ningebaki nimekaa.

Mnanijua. Hata darasani nilikuwa nikijibu kwa kunong'ona.

Lakini alfajiri Bibi Zaina, jirani yetu, aliteleza kwenye barafu ya njia ya chemchemi. Alikuja mkutanoni akichechemea, kifundo kimevimba. Iliniuma.

Nikainua mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, njia ni ya kijiji. Serikali ya kijiji iwajibike!"

Watu wakapiga makofi. Nikajiona mtu!

Mwenyekiti akauliza kwa upole, "Binti, bibi ameanguka wapi hasa?"

"Pale mtelemkoni, chini ya kabichi zetu."



Hapo ndipo nilipokumbuka. Hapa Shume, huku milimani, msimu wa baridi kila nyumba ina kipande chake cha njia cha kumwagia majivu ya kuzuia utelezi kabla watu hawajapita. Kile ni chetu. Zamu ni yangu. Na majivu ya leo niliyamwaga kwenye kabichi, kuzuia wadudu.

Mama yangu akainamisha kichwa.

Nikamwendea bibi.

"Shikamoo, bibi. Kile kipande ni changu mimi."

"Marahaba." Akaninyooshea mkono. "Haya, serikali, nishike unifikishe nyumbani."

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Semeni kweli, nyinyi mngetazama wapi?

Nimemshika mpaka mlangoni kwake. Njia nzima sikuweza kumtazama usoni, naye aliniegemea kwa uzito wake wote.