Nge Aliyezuia Mvua

Harufu ya vumbi lililolowa kidogo tu, kisha likakauka, mpaka leo hunitia hasira. Wengine huisifu harufu ya mvua ya kwanza. Mimi naijua kama harufu ya uongo. Mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya karibu na Sepuka nilikuwa na miaka tisa. Nyumba zetu za zamani zilikuwa zimebomolewa, nyasi za mapaa zimechomwa, na sisi tumepangwa kwa mistari kama vitunguu kitaluni. Mwezi wa kumi, upepo wa Singida ukiwa bado unatupa mchanga ndani ya ugali wa uwele, ikanyesha mvua ya jioni moja. Harufu ile ikapanda, na wakubwa wakachanganyikiwa.

Mwenyekiti wetu aliitwa Njiku. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye hakuona aibu kulitaja langu. Njiku alikuwa hafanyi jambo bila kumuuliza Zakaria Mpondo, mtu aliyerudi kutoka Tabora na kitabu kilichochanika jalada, akisema anajua falaki. Ukimtajia saa uliyozaliwa, anachora miraba mchangani, anakupa nyota yako na mambo yako yote hadi kaburini. Zakaria akachora, akasema siku ya kupanda ni kesho. Njiku akaamuru kijiji kizima kipande siku moja, na kwa kuwa nilikuwa na vidole vyepesi, nikawekwa miongoni mwa watoto wa kudondosha mbegu kwenye mashimo.

Bibi yangu, Bibi Asha, mkunga, alipanda nusu tu ya mbegu zake. Nusu nyingine akairudisha kwenye kibuyu chenye majivu. Kila jua likizama alikuwa anapanda jiwe kubwa nyuma ya nyumba, anatazama mashariki. Alikuwa anakitafuta Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana. Alisema Kilimia kikionekana upande ule mara tu giza linapoingia, ndipo jembe lianze kazi. "Na kikionekana mvua isije?" nilimuuliza. Akanijibu, "Itakuwa imechelewa. Kilimia hakileti mvua, mjukuu wangu. Kinatuambia mwaka umefika wapi, basi."

Mvua haikurudi. Mbegu zilichipua urefu wa kidole, zikaungua. Debe tupu haliachi kuvuma, na Zakaria hakukosa neno. Alisema siku ilikuwa nzuri, ila kuna mkono mbaya ulishika mbegu. Akauliza saa ya kuzaliwa ya kila mtoto aliyedondosha. Yangu ilipotajwa, alfajiri, jogoo wa kwanza, siku ya pili baada ya gulio la Issuna, mwezi wa mavuno, akatikisa kichwa. "Nge," alisema. "Huyu mkia wake umeinuka, unazuia mawingu." Siku ile ile Njiku alilikata jina langu kwenye orodha ya shule kwa kalamu nyekundu. Kikaitwa kikao cha kuamua nipelekwe wapi, mbali na mashamba. Mama alilia. Baba alichukua jembe lake akatoka, na hilo nalo sijalisahau.

Kwenye kikao tulikaa chini, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Bibi aliomba kusema, akasimama na fimbo yake.

"Zakaria, mwanangu," alisema kwa upole, "nimezeeka, nisaidie. Mtoto wa alfajiri ile, nyota yake ni Nge?"

"Shikamoo, Bibi. Nge. Nilishasema."

"Marahaba. Haiwezi kuwa nyingine?"

"Nyota haibembelezwi, Bibi."

"Na Gidioni wa mwenyekiti, ulimpa nyota gani?"

Kila mtu alijua. Njiku alikuwa amechinja mbuzi siku mwanawe alipopewa nyota, tukala. "Simba," akasema Zakaria. "Mtoto wa kutawala."

Bibi akageukia watu. "Hawa wawili niliwapokea mimi. Alfajiri moja, jogoo yule yule. Nilikata kitovu cha huyu mjukuu wangu Rehema, nikanawa, nikaitwa mbio kwa mke wa Njiku. Nilipofika, mikono yangu ilikuwa bado imelowa. Mama Gidioni, nasema uongo?"

Mke wa mwenyekiti alitazama chini. Kisha akasema, polepole, "Ni kweli, mama. Nilisikia kilio cha huyu mtoto nikiwa kwenye uchungu."

"Kumbe simba na nge walizaliwa kwa wembe mmoja," mwanamke mmoja akasema nyuma, na kicheko kikaanza kwa wanawake, kikavuka hadi kwa wanaume. Zakaria akadai nyumba moja ilikuwa mashariki na nyingine magharibi. "Hatua ngapi?" mzee mmoja akamuuliza. "Mbuzi wangu walikuwa wanavuka toka nyumba hii hadi ile kabla sijamaliza kuwatukana." Njiku alibaki na njia mbili tu: amfukuze mwanawe pamoja nami, au atuache wote. Akafunga kikao bila kumtazama mtu.

Siku chache baadaye, giza lilipoanza kuingia, Bibi aliniita juu ya jiwe. Kilimia kilikuwa pale, juu kidogo ya vichaka. Akafungua kibuyu, akagawa mbegu kwa kila aliyeomba, hata kwa mke wa Njiku. Shimo la kwanza akasema nilidondoshee mimi, kijiji kizima kikiangalia. Mvua ilikuja kabla wiki mbili hazijaisha, na safari hii ilikaa. Tulivuna uwele hadi vihenge vikaegemezwa magogo visianguke kwa uzito. Zakaria aliondoka na kitabu chake, hata hakuaga. Lakini jina langu lilichukua mwaka mzima kurudi kwenye orodha, na wenzangu walikuwa wameshaniacha. Niliishia darasa la nne. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliitembea kwa miguu yangu.

Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja alinieleza kwamba zamani sana, huko Babeli na Uarabuni, mpiga ramli ya nyota na mpima wa nyota walikuwa mtu mmoja. Mfalme alimlipa atabiri vita, naye ili atabiri ilimbidi ahesabu mwendo wa nyota, na hesabu zile ndizo zilizozaa sayansi. Baadaye waliachana, kwa sababu mmoja alikubali kuulizwa na mwingine alikataa. Nilicheka. Niliwaona wakiachana kwa macho yangu, kikaoni kwetu, na aliyekuwa anauliza hakujua kusoma.

Leo mjukuu wangu ana simu inayomtumia nyota yake kila asubuhi. Juzi ilimwambia asisafiri. Nikamwambia, "Tafuta kwanza mtu uliyezaliwa naye saa ile ile, muulize kama naye amekaa nyumbani." Akaenda zake Unyambwa, akarudi salama. Gidioni, yule Simba, ana nywele nyeupe sasa, na kila mwezi wa kumi hupita kwangu. "Dada Rehema, tupande lini?" Humjibu asubiri Kilimia. Uani kwangu kuna kipima mvua nilichopewa na watu wa hali ya hewa. Saa tatu kila asubuhi nayasoma maji yaliyomo, naandika daftarini. Na mwisho wa kila ukurasa, kwa kalamu nyekundu, naandika jina langu zima.