Zawadi Iliyolipiwa kwa Mita

Wengi waliokuja kwenye msiba wa kaka yangu walimwita Nahodha, na sidhani kama walijua kwamba hakuwahi kuendesha boti hata siku moja. Jina hilo alipewa kwa utani, akalizoea, na mwishowe likaandikwa mpaka kwenye msalaba wa kaburi lake, chini ya jina la ubatizo. Naandika haya kwa ajili ya wanawe, wajue baba yao alikuwa nani kabla hajaitwa hivyo.

Alikuwa fundi wa vanishi. Alifanya kazi kwenye klabu ya boti, pale matajiri wanapoegesha yoti zao, zile boti za tanga ambazo mtu hununua kwa ajili ya kustarehe tu. Yeye alishughulika na mbao. Alipiga msasa, akafuta vumbi kwa kitambaa, akapaka, akasubiri ikauke, akapiga msasa tena, akapaka tena, mpaka ubao ukawa unaonyesha sura ya mtu. Nyumbani kwake kila kitu cha mti kiling'aa, hata mpini wa jembe, hata mwiko. Wifi yangu, mkewe, alikuwa akiwaambia wageni, "Msikae sana mahali pamoja, atawapaka na nyinyi."

Katika boti zote za pale, kulikuwa na moja aliyoipenda. Ilikuwa ya zamani, ya mbao tupu, na mbele yake ulichomoza mti mrefu ambao mafundi waliuita pua. Mwenyewe alikuwa mtu mmoja wa viatu vyeupe ambaye kila mtu alimwita Bosi. Zamani Bosi alikuja na wageni, wakala, wakacheka, wakatoka kidogo baharini na kurudi. Kisha akaanza kuja peke yake. Kisha akawa haji. Kaka aliendelea kuipaka ile boti kama kawaida, maana kazi yake haikutegemea kuonwa.

Siku moja Bosi akaja bila kutegemewa. Alikuwa amezeeka. Alimwita kaka juu ya boti, akamshika bega, akamwambia, "Fundi, wewe umeitunza kuliko mimi mwenyewe. Ichukue. Kuanzia leo ni yako."

Kaka alidhani anataniwa. Lakini Bosi alikuja amejiandaa. Waliingia kwenye ofisi ya karani wa klabu, wakatia sahihi, wakapeana mikono, na Bosi akaondoka kwa haraka kama mtu anayewahi gari. Kaka alibaki amesimama na kofia yake mkononi, akilia.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilikuwepo, nimekaa karibu na wifi.

"Bwana asifiwe!" alisema.

"Amina!"

"Mimi mnanijua. Maisha yangu yote nimepaka vitu vya watu. Nilikuwa nikimwambia Mungu, kweli na mimi nitakufa sijapaka kitu changu? Wiki hii Mungu amenijibu. Amenipa yoti."

Kanisa zima lilipiga makofi. Mchungaji alisema hiyo ndiyo imani, na baada ya ibada tulikwenda klabuni kundi zima na nguo zetu za Jumapili, tukaiwekea boti mikono na kuiombea. Niliimba mpaka sauti ikakauka. Tangu siku hiyo kaka akawa Nahodha.

Karani wa klabu, mama mwembamba anayening'iniza miwani kwa kamba shingoni, alimsubiri mwisho wa mwezi.

"Hongera, Nahodha. Sasa tuzungumze habari ya maegesho."

"Maegesho gani, mama? Mimi si mfanyakazi wa hapa?"

"Wewe ni mfanyakazi. Boti si mfanyakazi."

Klabu ilitoza kwa mita, toka ncha ya pua mpaka mkiani, boti itoke isitoke. Ada ya mwezi mmoja ilipita mshahara aliolipwa na klabu hiyohiyo. Kwa hiyo wakaukata mshahara wote, na kilichobaki kikaandikwa deni. Kaka alikwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, akiwa ameichosha mikono yake bure, na bado anadaiwa.

Na hayo yalikuwa maegesho tu. Boti isiyo na bima hairuhusiwi kukaa pale, kwa hiyo bima. Maji yalikuwa yanapenya polepole kutoka chini, kwa hiyo pampu ya kuyatoa ilifanya kazi usiku na mchana, na umeme wake ulikuwa na mita yake. Betri zilikufa. Kamba zilikatika. Kila mwaka boti hunyanyuliwa kwa winchi, inakwanguliwa magamba yanayojishikiza tumboni, na kupakwa rangi maalumu ya kuzuia mengine. Winchi ina bei yake, na rangi ile kopo moja ni kama kununua mbuzi. Kaka aliwahi kunionyesha skrubu mbili kiganjani, zinafanana kama mapacha.

"Mdogo wangu, hii nimeinunua duka la vifaa vya ujenzi. Hii nimeinunua duka la boti. Unaona tofauti?"

"Sioni."

"Ya boti ni bei mara nne. Ukishasema tu ni ya boti, muuzaji anavuta kiti akae vizuri."

Alicheka. Siku hizo bado alikuwa anacheka.

Mambo mengine hayakutoka klabuni. Kanisani, kila mchango ulipotangazwa, macho yalimgeukia. Paa la kanisa, kiti cha mchungaji, arusi ya mtu asiyemjua. Akitoa kidogo, mtu wa nyuma hunong'ona, "Na yoti yote ile?" Binti yake mkubwa alipopata nafasi chuoni, walikwenda ofisi ya misaada ya ada. Yule bwana wa ofisi alisoma fomu yao, sehemu ya mali, akavua miwani, akamwita mwenzake wa meza ya pili.

"Njoo usikie. Huyu mzee ana yoti, anaomba tumlipie mtoto ada."

Wote wawili walicheka kwa adabu, kama watu waliosikia kichekesho kizuri. Binti hakwenda chuo. Sasa anauza viatu dukani kwa mtu, na hakuwahi kumlaumu baba yake, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

Wifi alivumilia, kisha akachoka kuvumilia. Nilikuwa jikoni kwao nikimenya viazi waliposemezana.

"Baba watoto, iuze."

"Nitauzaje kitu nilichosimama mbele ya watu nikasema Mungu amenipa?"

"Basi mwambie Mungu aje alipe maegesho."

"Mke wangu! Tubu."

"Nitatubu. Wewe nenda kalipe umeme."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichomshika. Si boti iliyomfunga, ni ule ushuhuda. Angeiuza, ingekuwa kama kusema Mungu alikosea, au kwamba yeye alidanganya mbele ya madhabahu. Na kaka yangu hakuwa mtu wa kudanganya. Kwa hiyo akachukua mkopo na kuiweka nyumba rehani. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu ambayo yeye na wifi walijenga kwa kuungaunga, mwaka huu madirisha, mwaka ule sakafu. Tangu mkopo ule, kila nilipoingia nyumbani kwao nilikuwa naangalia kuta na kujiuliza ni zipi zimeshaliwa.

Mwishowe alilegea, akaita dalali. Yule dalali alitembea juu ya boti, akasifia vanishi, kisha akateremka chini ndani, akatoa kisu kidogo mfukoni na kukisukuma kwenye ubao wa chini. Kikaingia chote mpaka kwenye mpini, kama kwenye mkate.

"Mzee," alisema akikifuta kisu, "juu umepamba vizuri. Lakini hii nikiichukua, wewe ndiye utakayenilipa mimi."

Kaka alipiga hesabu wiki nzima. Kisha akapata wazo. Kama ada ni kwa mita, boti ikiwa fupi, ada itapungua. Alikwenda klabuni na msumeno. Ile pua ya mbele, ambayo alikuwa ameipaka vanishi mwaka hadi mwaka kabla hata haijawa yake, akaikata. Mafundi wenzake waliacha kazi wakatazama. Aliyekuwepo aliniambia kaka aliupiga msasa hata ule mwisho uliokatwa, ili usionekane vibaya, kisha akaenda kumwita karani aje na tepu.

"Nahodha, umefanya nini?"

"Nimepunguza urefu, mama. Pima."

Karani aliitazama ile boti, akamtazama na yeye. "Ada inafuata urefu ulioandikishwa. Ukitaka ubadilishwe, lazima aje mpimaji wa serikali apime upya."

"Mpimaji ni kiasi gani?"

Alipotajiwa, alikaa chini pale pale kwenye gati. Kiasi hicho kilikuwa zaidi ya ambacho angekiokoa kwa mwaka mzima.

"Nahodha, kata na mkia!" fundi mmoja alipiga kelele, na wote wakacheka, na kaka naye akacheka, maana angefanya nini? Aliibeba ile pua begani mpaka nyumbani, akipita nayo mitaani watu wakimpisha. Nilikuwa pale alipofika. Aliiegemeza ukutani taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, akaomba maji ya kunywa.

Mwaka huo hakuwa na pesa ya winchi. Alinunua miwani ya kuogelea ya watoto, akachukua chuma cha kukwangulia, akawa anaingia majini mwenyewe baada ya kazi kukwangua magamba chini ya boti. Wifi alimkataza. Mimi nilimkataza. Alikuwa mtu mzima mwenye shinikizo la damu. "Nikiacha, itazidi kuoza," alisema, "na ikizama pale pale, wananidai gharama ya kuiopoa." Hakukosea. Ndivyo sheria yao ilivyo.

Walimkuta jioni moja, amejishikilia kamba ya boti, uso juu ya maji. Daktari alisema ni moyo.

Bosi alituma shada la maua. Utepe wake uliandikwa: Kwa rafiki aliyeipenda bahari. Niliusoma mara mbili. Kaka yangu aliichukia bahari. Alipenda mbao.

Karani alikuja msibani. Alikaa nami kwenye benchi, akalia kweli, siwezi kumsingizia. Kisha akasema, "Dada, kuna jambo linanikaa moyoni. Kabla ya kumpa Nahodha, Bosi alijaribu kuwapa watu wengine watatu. Wote walikataa. Mpimaji alikuwa ameshamwambia tumbo la boti limeoza, na kuivunja ni gharama kubwa."

"Na wewe ulijua siku ile wanatia sahihi?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Alikuwa analia kwa furaha, dada. Ningeanzia wapi?"

Nimeomba nisimchukie. Nimeomba zaidi nisimchukie Bosi. Nikisali, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, bado naruka niendelee na yanayofuata. Mungu ananiona.

Tulidhani boti itakwenda na kaka. Lakini bwana wa mirathi alimweleza wifi kwamba anayerithi hurithi vyote. "Huwezi kuchukua nyumba ukaacha boti, mama. Huku si sokoni, kusema nipe hii na ile sitaki." Na maegesho yalikuwa yanaendelea kuhesabiwa, mita kwa mita, pamoja na ile mita ya pua iliyokuwa imeegemea ukuta wa nyumba.

Wifi alifikiri siku chache, kisha akaiuza nyumba. Benki ikachukua chake, klabu ikachukua chake, kilichobaki kikalipa winchi na watu wa kuivunja boti. Nilikwenda naye siku hiyo. Walikata mbao zile nzuri kwa mashine, na vanishi ya kaka ikawa vumbi la rangi ya asali hewani. Wifi alisimama mpaka mwisho, akataka risiti, akaikunja akaitia kifuani. Siku hiyo yeye na watoto wakahamia kwangu. Tumebanana, lakini tunakula.

Jumapili mchungaji alimwomba asimame. Alikuwa amesikia boti imeondoka, akataka kanisa lishukuru kwamba Mungu amefungua njia. Wifi aliinuka polepole.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mume wangu alisimama hapa hapa akasema Mungu amempa yoti. Mlipiga makofi, na mimi nilipiga. Hakuwadanganya, alikosea tu mtoaji. Ile boti ilitoka kwa mtu aliyekuwa anaikimbia. Nimesimama kulisafisha jina la Mungu, na la mume wangu. Basi."

Akaketi. Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alipekua Biblia yake kwa muda mrefu, kisha akatangaza wimbo. Nilimshika wifi mkono.

Ile pua hatukuivunja. Tumeichimbia uani kwangu, tukafunga kamba ya kuanikia nguo. Mvua imeipiga msimu mzima na vanishi haijapasuka popote. Watoto wakianika mashati yao asubuhi, wanajiona sura zao pale. Hiyo ndiyo kazi ya baba yao. Ndiyo niliyotaka waijue.