Springi laini za Mama Ummy

Friji linakohoa mara mbili, linatetemeka kidogo, kisha linanyamaza.

Katika nyumba ya vyumba viwili eneo la Rau, mjini Moshi, ukimya huo unamwamsha Nasrin Khamisi haraka kuliko kengele ya simu. Nje bado giza. Anapapasa ukuta wa jikoni mpaka kwenye friji, anaweka kiganja kwenye mlango wake lakini haufungui. Akiufungua, ubaridi wote utatoka.

"Umeme ungevumilia tu kidogo," ananong'ona. "Kukuche kwanza."

Ndani ya friji hilo refu la milango ya kioo, alilonunua kwenye duka la soda lililofungwa, imekaa keki ya ghorofa tatu. Ni nyeupe, na maua ya sukari yanazunguka kila ghorofa. Ni Jumamosi. Leo keki hii inapanda Masama, wilayani Hai, kwenye harusi ya Hellen, binti wa familia ya wakulima wa kahawa na migomba.

Nasrin, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, anaishi kwa kupika keki za harusi, kipaimara na siku za kuzaliwa. Kupika hakumsumbui. Kinachomnyima usingizi kimeegeshwa uani.

Anatoka kukiangalia. Ni gari jekundu la spoti, la milango miwili, lenye pua ndefu. Anakandamiza bawa la mbele kwa mikono miwili kisha anaachia. Gari linashuka, linapanda, linatulia. Anarudi ndani. Chai haijachemka, ameshatoka tena kukandamiza upande wa pili.

"Sijui natafuta nini," anasema, anacheka kwa aibu. "Najua halijabadilika tangu jana. Ila nikikaa tu, nahisi kuna nati imelegea mahali."

Gari ni la mumewe, Shakiru, dereva wa malori ya Tunduma. Alilinunua kabla hajaoa, akalishusha chini mpaka paka wa jirani akaacha kulala uvunguni mwake. Siku hizo lilikuwa gari la kuzunguka nalo mjini Jumapili jioni, vioo vikiwa chini.

Walipooana, na Shakiru akaanza kukaa barabarani wiki hata wiki, gari likabaki mikononi mwa Nasrin. Sasa linampeleka binti yao Ummy shule, linaleta unga na trei za mayai kutoka sokoni, na mwisho wa wiki linabeba keki. Kiti cha abiria cha mbele amekifungua nati na kukiweka stoo. Mahali pake ametandika godoro la sponji, na juu ya sponji ndipo linapokaa boksi.

"Watu wananiuliza, Mama Ummy, keki na gari la mashindano wapi na wapi? Nawaambia ndilo nililonalo. Nilishawahi kukodi Noah. Asubuhi ya harusi dereva akapata wageni wa kupeleka uwanja wa ndege, akanizimia simu."

Shida ilianza mwaka huu, barabara za mlimani zilipochimbika kwa mvua. Keki ya kipaimara kule Machame ilifika na ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Nasrin aliuziba kwa krimu kabla haijawekwa mezani, na wageni hawakujua. Yeye alijua. Jumatatu yake alikuwa gereji, Njoro, kwa fundi Gidioni.

Wateja wengi wa Gidioni ni magari ya watalii na pikapu zinazoteremsha ndizi na kahawa mlimani. Mikono yake imezoea mizigo. Nasrin alipomwambia barabara inamharibia kazi, fundi huyo alikwenda moja kwa moja kwenye springi nene kuliko zote alizokuwa nazo zinazoingia kwenye gari lile.

"Huku kwetu mteja akilalamikia barabara, unamkazia," anasema Gidioni, mtu mrefu anayeongea huku anafuta vidole kwa kitambaa. "Sikuuliza keki ina uzito gani. Nani anauliza keki uzito?"

Springi ya kubebea magunia inahitaji magunia juu yake ndipo ikubali kushuka. Keki ya Nasrin, na ubao wake na boksi lake, haifiki uzito wa Ummy. Kwa hiyo springi zile hazikushuka, zilirusha. Kila jiwe likawa teke. Keki iliyofuata ilikuwa ya Kibosho, na boksi lilipofunguliwa ghorofa ya juu ilikuwa imelalia upande kama kofia ya mlevi.

Hiyo haikuzibika. Na watu wa kamati za harusi huku mlimani ni wale wale. Anayechangisha kamati hii Jumatano yuko kwenye kamati nyingine Ijumaa. Ndani ya muda mfupi wateja wawili walimpigia Nasrin kwa sauti za upole na kumwambia wamepata mtu mwingine.

Kamati ya Hellen nayo ilitaka kujitoa. Aliyeizuia ni mwenyekiti wake, Thadeus, baba mdogo wa bibi harusi, ambaye alikula keki ya Nasrin kwenye sherehe moja mjini na hajaisahau. Lakini alimpa sharti.

"Mama, kazi ni yako," alimwambia kwenye simu. "Ila keki ipite kwanza nyumbani kwa bibi."

Bibi Salvina, mama yake Thadeus, hatoki tena kwenye kihamba chake, shamba la ukoo lenye nyumba yake. Katika familia yao, keki ya kila binti anayeolewa husimama kwanza uani kwa bibi huyo, ikiwa kamili, kabla kisu hakijaigusa. Anaweka mkono kwenye sinia, anasali, ndipo inakwenda ukumbini. Tangu ile ya Kibosho, keki nyingine Nasrin huzibeba ghorofa moja moja na kuzipanga akishafika. Hii haiwezekani.

"Niipange hapo hapo uani," Nasrin alijaribu.

"Mbele ya bibi? Wewe umeshaona mtu anambariki bibi harusi huku bado anavalishwa?" Thadeus alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nimekusimamia, mama. Ikivunjika safari hii, na mimi sitakuwa na mdomo kwenye kikao."

Nasrin alielewa vizuri. Desemba inakaribia, watoto wa Kichagga wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, na kila Jumamosi mlimani kuna turubai. Mwezi huo mmoja huilisha nyumba yake karibu mpaka Pasaka. Keki moja zaidi ikifika imelala, simu hazitapigwa.

Akarudi Njoro. Safari hii hakutaka kuambiwa, alitaka kuchagua mwenyewe.

Gidioni alipanga vifaa sakafuni. Kulikuwa na shokapu za kurekebishwa, zile zilizovaa springi zake mwilini na zenye kitufe juu cha kukaza na kulegeza. Zilikuwa zinang'aa kiasi kwamba mafundi wenzake walikuja kuzishika. Pembeni kulikuwa na seti ya mtumba, springi laini na ndefu zaidi, na shokapu zake, rangi imebabuka.

"Shida ya gari la chini ni hii," Gidioni anaeleza. "Ukilainisha springi bila kuliinua, linagonga tumbo kwenye matuta. Ukiliinua ukaacha shokapu zilizochoka, linadunda kama mpira. Springi na shokapu lazima zisikilizane."

Kuinua ndiko kulikoleta maneno. Shakiru alipiga simu kutoka Tunduma, Nasrin akaweka sauti kubwa.

"Gidi, usije ukaniinulia gari kama ng'ombe anayeamka."

"Vidole viwili tu, kaka."

"Vidole vya nani? Vyako wewe ni vinene."

Gereji nzima ikacheka. Nasrin hakucheka. "Baba Ummy, wewe unaendesha lori. Hili naliendesha mimi."

"Sawa. Nikirudi nalishusha."

"Ukirudi tutaongea."

Nasrin aliporudi kesho yake, alikuja na bakuli la jeli nyekundu. Aliliweka kwenye sponji, pale boksi linapokaa, akamwambia Gidioni aendeshe kutoka Njoro mpaka Rau na kurudi, huku yeye amejikunja kiti cha nyuma, anaangalia bakuli.

Shokapu zinazong'aa ndizo zilizotangulia. Zikiwa zimekazwa, jeli ilitetemeka njia nzima hata kwenye lami. Gidioni akazilegeza mpaka mwisho. Mtetemo ukapungua, lakini kwenye tuta gari likayumba, likayumba tena, jeli ikapanda ukingo wa bakuli na kumwagikia sponji.

"Hizo ni nzuri kwa mtu anayekimbiza kona," anasema Nasrin. "Mimi kona naingia kama nabeba mgonjwa."

Seti ya mtumba ilimchukua Gidioni siku nzima, kwa sababu alibadilisha pia bushi, zile raba za kwenye maungio, zilizokuwa zimekwisha, na akamshauri avue rimu pana za Shakiru avalishe ndogo, zenye tairi nene, ili tairi lenyewe limeze mawe madogo kabla hayajafika kwenye springi. Walipopita tuta lile lile, gari lilipanda mara moja, likashuka mara moja, likatulia. Jeli ilicheza na kuacha.

"Nimefanya kazi na Wazungu, na Wahindi, na mapadri," anasema Gidioni. "Sijawahi kuendesha huku nasimamiwa na jeli." Wenzake sasa wanamwita Fundi Jeli, naye anaitika.

Seti hiyo ilimgharimu Nasrin malipo ya keki mbili za harusi, pamoja na zile rimu pana, ambazo aliziuza bila kumwambia mwenyewe.

"Atasoma kwenye gazeti lenu," anasema, na kicheko chake kinakatika katikati. "Bora asome tukiwa na Desemba nzuri."

Lakini jeli si keki, na Njoro si Masama. Katikati ya wiki mvua imenyesha, na njia ya kwenda kwa Bibi Salvina hajaipita tangu inyeshe. Ndiyo maana asubuhi hii hakai.

Umeme unarudi jua likiwa limeshatoka. Krimu haijalegea. Nasrin na jirani wanabeba boksi kwa mwendo wa pole, wanaliweka kwenye sponji, Nasrin anachomeka ndani kopo la krimu ya kuzibia, kisha wanalifunga kwa mikanda ya kanga. Ummy, mwenye miaka sita, anaingia nyuma na gauni lake la njano. Redio haiwashwi.

Kwenye matuta ya barabara kuu gari linapanda na kushuka kama mtu anayevuta pumzi. Kwa Sadala wanaacha barabara ya Arusha na kuanza kupanda. Migomba inakaribia pande zote mbili, hewa inapoa. Nasrin ameshika usukani kwa nguvu, anaongea bila kugeuka.

"Nikimaliza Desemba salama, nataka chumba mjini, chenye kioo mbele, mtu apite aone keki. Na huku juu bado nitaleta. Nataka mtu wa Masama akisema harusi, aseme na mimi." Anakwepa jiwe. "Nikimaliza salama."

Lami inaisha. Njia ya udongo inateremka kati ya mibuni, na kwenye kona, mfereji wa kumwagilia mashamba umekata njia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maji yamekula kingo. Hakuna pa kuzungukia. Nasrin anaingiza tairi moja, polepole, halafu la pili. Pua inazama, inainuka. Nyuma inazama.

Ndani ya boksi, kitu kinaanguka kwa kishindo.

Nasrin hasimami. Akisimama kwenye udongo huu matairi yatateleza, na kujinasua kutairusha keki. Anaendelea hivyo hivyo, midomo imefungwa, mpaka uani.

Bibi Salvina ameketishwa kwenye kiti nje ya mlango, kitenge kipya magotini. Thadeus, amevaa suti, anakuja mbio kidogo kisha anapunguza mwendo.

"Shikamoo bibi," Nasrin anasema kupitia dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona hushuki?"

"Kuna kitu kimeanguka, bibi. Nimekisikia pale mfereji."

Thadeus anavua miwani, anaivaa tena. Wanaume wawili wa kamati waliokuwa wanasogeza meza wanaacha meza katikati ya uwanja. Nasrin anazima injini, lakini mikono haitoki kwenye usukani.

"Fungua tuone," anasema Thadeus kwa sauti ya chini.

"Nafungua."

Hafungui. Ni Ummy anayejivua mkanda na kupenya kati ya kiti cha mama yake na boksi mpaka mbele. Anafungua fundo la kanga, anainua kifuniko cha boksi kwa mikono miwili, na kichwa chake kinapotelea ndani. Anakaa huko muda mrefu.

"Mama, kilichoanguka ni kopo la krimu. Keki imesimama."