Siku Niliyombeba Mama Mkwe kwa Trela

Simu ilinipata Kalamba, asubuhi, nikiwa na grisi hadi kwenye viwiko. Nilikuwa nimetoka Kitui na trela ya ndengu za kupeleka Mombasa, nikapitia Kalamba kuongeza magunia ya mfanyabiashara mmoja wa pale sokoni. Trela niliiacha imesimama kwa miguu yake ya chuma ili wapakiaji wafanye kazi, nikakiendesha kichwa cha lori peke yake hadi kwa fundi aliye kando ya soko. Nilitaka tupake grisi mahali trela inaposhikana na kichwa.

Kwa mtu asiyejua malori, mahali penyewe ni sahani nene ya chuma iliyolazwa nyuma ya kichwa, yenye mwanya katikati. Trela nayo ina pini chini ya tumbo lake, nene kuliko kifundo cha mkono. Pini inaingia kwenye mwanya, taya za chuma zinaifumbata, na leva iliyo ubavuni inarudi ndani kuzifunga. Uzito wote wa trela unafuata pini hiyo moja. Grisi ikikauka, sahani inalia kwenye kona na usukani unakuwa mzito. Taya zikikosa kufunga, trela inabaki nyuma na wewe unaendelea na safari bila kujua. Au unajua, na hiyo ni mbaya zaidi.

Aliyepiga simu alikuwa shemeji yangu, dada mdogo wa mke wangu. Wanakaa pamoja Mtito Andei, ambako mke wangu ana hoteli ndogo ya kuuzia madereva chakula. Alisema mke wangu ameanza uchungu wa kuzaa kabla ya wakati wake, wamefika hospitali, na daktari hapendi jinsi presha inavyopanda. Kisha akaniambia jambo la pili. Mama yao alikuwa ameshapewa habari. Mvua ya usiku ilikuwa imekata barabara ya kwao na hakuna gari lililopita, kwa hiyo alikuwa ameanza kutembea kuja Kalamba ili mimi nimbebe.

Kwetu Ukambani kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima kati ya mtu na wakwe zake, hasa mama mkwe, na heshima yenyewe ni kukaa mbali. Hamshikani mikono, hamli pamoja, na mkikutana kwenye kijia mmoja anapisha na kutazama kando. Watu wengi wa kanisa wameiacha. Mama mkwe wangu ni wa kanisa kabisa, ndiye anayeongoza maombi ya akina mama, lakini nthoni hakuiacha. Tangu nimuoe binti yake, sikumbuki kama tuliwahi kuwa chumba kimoja bila mtu mwingine. Na siku hiyo tanboi wangu, msaidizi ninayesafiri naye, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye angekaa kati yetu, alikuwa amebaki Kitui kwa mazishi.

Nilirudisha kichwa chini ya trela nikiwa na haraka, lakini kazi niliifanya kama siku zote. Nilisikia pini ikiingia. Nilifunga breki za trela nikakivuta kichwa mbele, mara ya kwanza na ya pili, ikashika. Nilishuka nikaitazama leva, nikaona imerudi. Niliunganisha paipu za upepo na waya za taa, nikapandisha miguu ya trela.

Mama alifika matope yakiwa yamemfikia magotini, amebeba kiondo chenye unga wa wimbi na kuku aliyefungwa miguu. Tulisalimiana tukiwa mbali. Kiti cha mbele alikikataa. Alipanda akapita hadi kwenye kitanda cha dereva nyuma ya viti, akavuta pazia nusu, na hapo ndipo aliposafiri. Nilimsikia akipumua na kunong'ona, nikajua anaomba.

Hatukuwa tumeenda mbali nilipousikia mgongo wa lori ukigonga.

Haikuwa kelele kubwa. Kila nilipobadilisha gia, kitu nyuma yangu kilifanya ngo, kama mtu anayebisha mlango mara moja na kungoja. Nilijiambia ni magunia yanajipanga. Nikajiambia ni kitanda, ni kiondo, ni mguu wa mama. Nilipunguza mwendo, ngo. Nilikanyaga mafuta kidogo, ngo. Nikafungua dirisha ili nisikie vizuri.

Simu ikaita tena. Shemeji alikuwa analia, na mtandao ulikatakata maneno yake, ila niliokota ya kutosha. Wanampeleka kwa operesheni. Nilimwambia sawa, tuko njiani, nikakata.  Minong'ono ya maombi ilikuwa imekoma.

Mbele yetu kulikuwa na mteremko mrefu ninaoujua vizuri. Unashuka na kona mbili, halafu unaishia kwenye daraja jembamba la mto wa mchanga. Siku hiyo ilikuwa ya soko. Barabarani walikuwepo punda wenye mitungi ya maji, akina mama na mbuzi wao, wanafunzi. Nilipiga hesabu ambayo dereva hapaswi kuipiga gari likiwa linatembea: trela ikiachia hapa, itapita wapi, na itamkuta nani. Halafu mawazo yakaruka Mtito Andei, kwenye chumba ambacho sijakiona, kwa mke wangu amelala chini ya taa. Sikuweza kukaa na hofu moja. Nikiishika hii, ile inanitoroka, nikiifuata ile, hii inagonga.

Kabla ya mteremko kuna kiwanja tambarare kando ya barabara, mahali watu huanika matofali. Niliingia hapo, nikasimama polepole kama ninayebeba mayai.

Nilishuka nikainama kutazama. Leva ilikuwa imetoka. Si yote. Ilikuwa imetoka kama upana wa vidole viwili, na kwa kila mtikisiko ilikuwa inaendelea kutoka. 

Niliposimama, mama alikuwa ameshashuka. Alisimama kwa umbali ule ule wa heshima, akitazama upande wa barabara.

"Hicho kinachogonga ni nini?" akauliza.

Nilianza kumwambia ni kitu kidogo, apumzike tu ndani. Hakuniacha nimalize.

"Mwanangu, usinifiche vitu viwili kwa siku moja. Mtoto wangu amepelekwa wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia ya operesheni, kisha ya leva.  Alivua koti lake la safari, akalikunja juu ya kiondo, akauliza kama nikiendelea bila kutengeneza, tutafika. Nilisema huenda tukafika. Nilisema pia huenda tusifike, na hata watu wa pale chini kwenye daraja wasifike.

"Basi tengeneza," akasema. "Kule wako na daktari. Hapa wana wewe."

Tukaokota mawe, yeye upande wake na mimi wangu, tukayabana nyuma na mbele ya tairi za trela. Niliteremsha miguu ya trela juu ya vipande vya mbao, nikatoa paipu na waya, nikavuta leva. Ilikataa mara kadhaa kabla ya kukubali. Kisha nikakisogeza kichwa mbele, trela ikabaki imesimama peke yake.

Sahani iling'aa kwa grisi mpya ya fundi, na kwa macho usingeona kosa. Nilichukua bisibisi ndefu nikachokora ndani kabisa, pale taya zinapokutana. Kilichotoka kilikuwa cheusi na kigumu kama lami. Ilikuwa grisi ya zamani, iliyoshikana na mchanga wa barabara zetu kwa miaka, na grisi mpya ilikuwa imepakwa juu yake tu. Taya zilikuwa zinafunga hadi zinakutana na ule uchafu, zinakwama, halafu zinajidai zimefunga.

Nilimimina dizeli nikasugua. Kitambaa changu kilikwisha haraka. Mama alifungua leso aliyokuwa amejifunga juu ya rinda, akaipasua katikati, akaiweka juu ya jiwe ili niichukue mwenyewe. Nilisafisha kila pembe niliyoweza kuifikia kwa kidole, na ambayo sikuifikia kwa kidole nikaifikia kwa kijiti. Nilifanya vivyo hivyo kwenye pini. Jua lilikuwa limepanda, na kila gari lililopita kwenda upande wa Emali lilinifanya nitamani kuacha lori, ndengu na kila kitu, nisimamishe lifti. Shemeji hakuwa amepiga tena. Nilimpigia mimi, simu ikaita hadi ikakata.

Nilipaka grisi upya, taya kwanza, kisha pini, na ya mwisho juu ya sahani. Halafu nikakwama. Nilitaka mtu wa kuitazama leva wakati ninarudi nyuma, kwa sababu kuitazama baadaye ndiko kulikonidanganya Kalamba. Hapakuwa na mtu ila yeye.

Nilimweleza nikiwa nimeinamisha macho. Asimame kando, mbali na tairi. Nikirudi, chuma hiki kiingie chote ndani. Nikivuta mbele, kisisogee hata kidogo. Kikisogea, ainue mkono. Na ili kazi iwezekane, nikasema, itabidi nimtazame kwenye kioo muda wote, naye anitazame.

"Nitakutazama," akasema.

Nilipanda. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona kwa mara ya kwanza vizuri, uso mzima, na nikaona jinsi mke wangu alivyochukua paji lake la uso na namna ya kuuma mdomo wa chini. Nilirudi polepole. Pini iligonga ndani, taya zikalia. Nilifunga breki za trela nikavuta mbele.

Mama akainua mkono.

Nilishuka nikainama kuitazama. Leva ilikuwa imerudi karibu yote, karibu tu. Nikakitoa kichwa tena, nikalala chali chini ya sahani, nikachokora kwa chini ambako sikuwa nimefika. Kokoto moja, ndogo kama punje ya hindi, ilitoka ikanidondokea kifuani. Niliongeza dizeli, nikasugua, nikapaka.  Kuku alikuwa anapiga kelele kwenye kiondo na hakuna aliyemjali.

Mara ya pili sauti ilikuwa nyingine, kavu, ya chuma kukifikia chuma. Nilivuta mbele, lori likajikaza. Nikavuta tena kwa nguvu zaidi. Kwenye kioo mama alikuwa ameinama kuitazama leva, mikono yote miwili ameishikilia tumboni. Haikuinuka.

Mteremko ule niliushuka kwa gia ya chini kabisa, nikisikiliza. Hakuna kilichogonga, lakini sikuacha kusikiliza, na hata tulipopita Emali na Makindu kwenye lami nzuri, kila kimya kilinitisha kama ngo. Karibu na Kibwezi simu ikaita. Nilishindwa kuishika. Mama alinyoosha mkono kutoka nyuma ya pazia akaichukua kwenye dashibodi, akasikiliza kwa muda ambao niliuona mrefu, akasema ndiyo, ndiyo, Mungu ni mwema. Kisha akaniambia ni msichana, mdogo sana, amewekwa kwenye mashine ya joto. Binti yake ameamka lakini presha haijashuka.

"Endesha tu hivyo hivyo," akaongeza, kwa maana mguu wangu ulikuwa umeanza kukanyaga.

Tulifika Mtito Andei jua likiwa bado juu ya miti. Lori nililiacha kwenye kituo cha mafuta. Fundi wa pale alilifungua siku iliyofuata, akanionyesha taya moja iliyolika upande, akasema usafi umenifikisha ila hautanipeleka Mombasa. Mwenye lori akakubali ibadilishwe.

Presha ya mke wangu ilichukua siku kadhaa kushuka, na siku hizo sikulala vizuri hata moja. Wodini tuliendelea na mambo yetu ya zamani. Mama akiwa ndani, mimi nilikaa nje kwenye benchi. Nikiingia mimi, yeye alitoka. Mke wangu aliniambia mama amemsimulia kila kitu, hata kokoto, na kwamba katika kusimulia alinisifu, jambo ambalo hangelifanya nikiwepo. Nilitaka kujua alisema nini hasa. Hakuniambia. Alikuwa amechoka, akafumba macho akiwa ameshika kidole changu, ambacho bado kilikuwa na weusi wa grisi kwenye ukucha.

Mlangoni nilisikia mama akikohoa kidogo, kunijulisha kuwa zamu yake imefika. Nikapita upande mmoja wa korido, naye akapita ule mwingine.