Peleka Kapuni

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na jana umenirudisha kulekule. Ulikuwa unanionyesha kompyuta yako. Faili za chuo umezipa picha ya kikombe cha chai, za muziki umezipa picha ya ngoma, nami nikacheka. Kisha ukabofya kitufe cha kulia cha kipanya, menyu ikafunguka, nikaona ndani yake maneno uliyoyatunga mwenyewe. Ukaniona nimeshika kifua, ukadhani nimebanwa na pumzi. Wala! Nilishtuka, mwanangu, na mpaka sasa sijatulia.

Mjomba wako Shabani, mdogo wangu, alikuwa na umri kama wako alipoleta kompyuta ya kwanza nyumbani kwetu hapa Morogoro. Ilikuwa ya nyumba nzima. Mimi nilikuwa fundi cherehani, nilijua kuiwasha, kuandika na kusikiliza, basi. Yeye hakutulia, kila ukiiwasha unakuta sura mpya. Lile pipa la taka kwenye kioo alilichukia, eti linamchafulia macho. Akaliondoa, akaweka picha ya kapu la ukindu, zuri kweli, kama yale ya mama zetu wanaoshuka nayo kutoka milimani. Kwenye menyu, palipokuwa na neno la kufuta, akaandika "Peleka kapuni". Kompyuta ilikuwa na adabu ya kuuliza kwanza kama una hakika, na swali hilo nalo akalizima kwa sababu lilimchosha. Hakumwambia mtu.

Sasa sikia. Bibi yako alikuwa amekuja kutoka Mkuyuni, nikamketisha mbele ya kipaza sauti, nikamrekodi akisimulia kwa Kiluguru jinsi kila mmoja wetu alivyozaliwa. Anacheka, anasahau, anarudi nyuma, na katikati anamfokea jogoo aliyewika dirishani. Miezi michache baadaye akapigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, mkono ukarudi, lakini ulimi haukurudi. Rekodi ile ndiyo ikawa sauti pekee ya mama tuliyobaki nayo, na yeye mwenyewe alipenda kuisikiliza.

Muziki wa Shabani ulikuwa umejaa kila mahali, nikaogopa sauti ya mama itapotelea humo. Nikabofya kulia, nikaona "Peleka kapuni". Niambie, kapu kwetu ni la nini? Si ndimo zinamopanda chumvi, sabuni na nguo za Idi kwenda nyumbani milimani? Nani anatia taka kwenye kapu? Nikaipeleka kapuni, moyo ukatulia tuli.

Ijumaa moja jioni mama akanigusa bega, akaonyesha sikio lake. Anataka kujisikia. Nikafungua kapu. Tupu.

"Shabani! Vitu vya kapuni viko wapi?"

"Nimesafisha, dada. Si taka tu mle?"

"Taka?"

"Kapu ndiyo lile pipa la zamani. Nimebadilisha picha tu."

Picha tu! Toba, mwanangu! Nikamwambia kilichokuwamo, naye akalifungua kapu tena, akatafuta. Tukageuka wote wawili. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, na amesikia kila neno.

Hakulia. Alikwenda nyuma ya mlango akachukua kapu lake, akaliweka miguuni pa Shabani. Akatoa kanga yake, akaiweka chini. Akatoa dawa zake, kitana chake, tasbihi ya marehemu baba. Mwisho akatoa parachichi lililoiva, alilomwekea Shabani mwenyewe, akamshikisha mkononi. Kisha akanyoosha kidole kwenye lile kapu la kwenye kioo, akamtazama. Hasira za mama nilizizoea, lakini mtazamo ule sikuwahi kuuona. Shabani akapiga magoti, analia kama mtoto, "Nisamehe mama, nisamehe," na parachichi liko mkononi.

Kesho yake alipeleka kompyuta kwa fundi kule Msamvu. Fundi alijaribu kuirudisha rekodi, lakini Shabani alikuwa ameshajaza filamu juu ya nafasi ileile. Kilichopatikana kilikuwa mvumo mtupu. Mama akafariki mwaka uliofuata, na wewe hukuwahi kumsikia.

Ndiyo maana nilishika kifua, mwanangu. Kompyuta yako ni yako, ipambe utakavyo. Lakini chombo ambacho na mwenzako anakigusa, usikibadilishie alama kimyakimya, maana yeye ataisoma kwa macho yake, si kwa yako. Taka iache ifanane na taka. Lile swali linalokuchosha liache liulize, lipo kwa ajili ya siku ambayo mtu hana hakika. Na kabla hujasafisha, nyanyua sauti uulize nyumba nzima, hata kama unaona aibu. Sauti ya mtu unayempenda usiiweke mahali pamoja tu. Hilo usilingojeshe hadi kesho.

Mungu akupe macho ya kuona anavyoona mwenzako, akukinge na majuto ya aina ile, na kila utakachokiweka kwa mapenzi akujalie ukikute palepale. Sema amina, mwanangu. Kwa sauti, niisikie.