Baba mkwe aliyeniosha uso mbele ya wageni: ndevu, shabu na maji ya waridi, Busia ya miaka ya sitini

Wakuu, nawasalimu wote, wa Busia zote mbili na mlioko mbali.

Nimepita kule jukwaa la urembo nikakuta vijana wanaulizana wapake nini baada ya kunyoa, na kipi kitangulie. Mmoja ameweka picha ya chupa zake, zimejipanga kama kwaya. Toner, serum, na nyingine hata jina sikuweza kulisoma.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu uso wangu mwenyewe uliwahi nusura uninyime mke.

Nitakayoandika hapa yalinipata mimi. Shahidi wangu amekaa kiti cha pili, anachambua mboga, na nikitia chumvi atanirudi.

Miaka ya sitini, Uhuru bado mbichi, nilikuwa karani kwenye ofisi ya malori pale Busia, upande wa Kenya. Mimi ni Msamia. Mwenye malori tulimwita Haji. Alikuwa mtu msafi kupita kiasi. Kanzu yake ungedhani vumbi la mpakani linaiogopa.

Haji alikuwa na sheria moja kwa karani anayepokea wateja: kunyoa kila asubuhi. Hataki hata kivuli cha ndevu.

Sasa ndevu zangu ni zile za kujikunja. Wenzangu wa kundi hili mnanielewa. Unanyoa leo, kesho unywele unachungulia, unajikunja, unarudi ndani ya ngozi. Pale panavimba kipele. Asubuhi wembe unapita, unakata kipele. Kesho yake kimezaa wenzake.

Shingo yangu ilikuwa kama ya kanga aliyenyonyolewa.

Na katika hali hiyo nilikuwa nimempenda msichana.

Jina lake Athieno, Mjopadhola wa Paya, upande wa Uganda. Nilimkuta Tororo mjini akijifunza cherehani, mimi nimetumwa na Haji kufuatilia mzigo. Tuliongea Kiswahili kwa sababu yeye hajui Kisamia na mimi Kidhopadhola chake nilikuwa najua salamu tu. Kuhusu vipele hakuwahi kusema neno. Alikuwa ananitazama machoni.

Baada ya miezi kadhaa kwao wakakubali niende kujitambulisha.

Hapo ndipo nikapoteza akili.

Siku ya kuamkia safari nilizunguka maduka ya Wahindi nikauliza kila kitu cha kupaka mwanamume akishanyoa. Nikarudi na aftershave ya kuwasha kama pilipili, spirit ya hospitali, mafuta ya kafuri, mafuta ya mgando, na poda. Nilijiambia kwamba kama kimoja kinasaidia kidogo, vyote pamoja vitamaliza kazi.

Nikanyoa kufuata ndevu, kisha nikarudia kinyume, mpaka shavu likawa laini kama sahani. Aftershave. Ikawaka. Spirit juu yake, kuua vijidudu. Machozi yakanitoka. Kafuri kupoza. Mgando ili kafuri isitoroke. Mwisho poda, niwe na rangi moja.

Nilijitazama kwenye kioo nikaona bwana harusi.

Asubuhi niliamka uso umevimba. Vipele vimekuwa vyekundu, vingine vina usaha, na shavu la kushoto limechubuka kama nimeburuzwa. Baba mdogo wangu, ndiye aliyekuwa msemaji wetu, alinitazama akasema, "Kijana, umepigana?"

Kuahirisha haikuwezekana. Watu wa Paya walikuwa wamepika. Nikaongeza poda, tukaondoka.

Mnajua jua la Tororo. Tulipofika jasho lilikuwa limechora mifereji kwenye poda. Tukaketishwa uani, wageni upande mmoja, wenyeji upande wa pili. Athieno alitoka kusalimia, akapiga magoti, akainua macho. Niliona amestuka. Kisha akainamisha kichwa, nami nikatamani ardhi inimeze.

Shangazi yake ndiye aliyesema. Mwanamke mkubwa, sauti yake haihitaji kupandishwa.

"Hii uso ni ugonjwa," akasema kwa Kiswahili, makusudi, ili na sisi tusikie. "Tunapeana mtoto kwa mtu ya ugonjwa? Na watoto watatoka namna gani?"

Mama mmoja akavuta mwanawe karibu, asije akaambukizwa.

Wakuu, nimeona mengi tangu siku ile, lakini sijawahi tena kukaa mahali nikajisikia kinyaa namna ile.

Ndipo baba yake Athieno akasimama.

Mzee Owor alikuwa mkulima wa pamba, mrefu, mgongo umenyooka. Alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Mwingereza, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. Aliingia ndani ya nyumba. Baba mdogo akaninong'oneza, "Jiandae. Tunafukuzwa."

Mzee akatoka na karai la maji ya vuguvugu, kitambaa cheupe begani na kipande cha sabuni.

Akaja moja kwa moja hadi kwangu, akachuchumaa.

"Leta uso hapa," akasema.

Niwaeleze wasiojua: mkwe na mkwe kwetu wana heshima ya kuwekeana umbali. Hamgusani ovyo. Na huyu hata mkwe wangu alikuwa bado hajawa. Niliwasikia wazee wakiguna. Yeye alichovya kitambaa, akakikamua, akaniwekea shavuni bila kusugua. Akangoja. Akachovya tena. Poda, mgando, kafuri, vyote vikayeyuka vikaingia kwenye karai. Mkono wa mtu wa jembe, lakini niliusikia mwepesi kama wa muuguzi.

Alipomaliza alinigeuza kidevu kwenye mwanga, kisha akawageukia watu wake.

"Hii hapana ugonjwa. Hii ni wembe. Huko Burma nusu ya kampuni yetu ilikuwa na uso kama hii. Afisa nataka sisi nyoa kila siku, hata maji hakuna." Akamtazama dada yake. "Mimi pia nilikuwa nayo. Wewe nasahau?"

Shangazi akatazama pembeni.

"Mgeni wetu takula," mzee akaendelea. "Maneno ya kuoa tangoja. Yeye tarudi uso ikipona."

Tukala. Sijui nilikula nini. (Shahidi anasema ilikuwa kuku na kwon, ugali wao wa mtama, na kwamba sikumaliza.)

Kabla hatujaondoka mzee alinivuta kando ya ghala.

"Usiguse wembe mpaka ngozi ilale."

"Mzee, Haji atanifukuza kazi. Lazima ninyoe."

Aliniuliza tu ofisi iko wapi.

Siku chache baadaye niko mezani Busia, nimenyoa kwa woga, shingo inawaka, nikaona baiskeli imeegemezwa mlangoni. Mzee Owor. Alikuwa ameendesha kutoka Paya, amefunikwa vumbi mpaka kope. Hakuja kwangu. Alimuulizia mwenye ofisi.

Waliongea ndani, nami nikisikia nusu nusu. Mzee hakuomba kwa unyonge wala hakugomba. Alisema, "Kijana yako nafanya kazi mzuri, lakini wembe nakula yeye. Acha ndevu kidogo, itapona, halafu tanyoa mzuri kushinda sasa."

Haji aliniita. Akanitazama kwa makini, nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona vipele badala ya kuona kama nimenyoa.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

Akanihamishia stoo ya nyuma mpaka nipone, ndevu zangu nizifuge huko. Na akatuma nyumbani kwake ikaletwa chupa ya maji ya waridi kutoka kwa mkewe. Alimkabidhi mzee, siyo mimi. Watu wazima wale wawili walikuwa wameshaelewana.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa yule wa chupa kama kwaya.

Ngozi ilipotulia nilirudi Paya, na mzee alinifundisha nyuma ya nyumba, kioo kimetundikwa kwenye mti wa chungwa.

Kwanza kitambaa cha maji ya moto, ndevu zilainike. Sabuni kwa brashi, povu zito. Wembe mkali, unapita mara moja, kufuata zinavyolala. Kurudia kinyume akanikataza kabisa. "Wewe hapana toa magamba ya samaki," akasema.

Kisha maji baridi.

Kisha shabu, lile jiwe jeupe linaloonekana kama barafu. Unalilowesha, unalipitisha polepole, linafunga damu. Unangoja kidogo halafu unaliosha. Nilikuwa nikidhani lazima likaukie usoni. Ukifanya hivyo ngozi inakakamaa na kupasuka.

Uso ukiwa bado na unyevu, maji ya waridi yaliyotiwa matone machache ya glisirini. Unagusia kwa viganja. Husugui.

Mwisho mafuta ya simsim, tone moja la kusambaza kwa vidole viwili. Yanakaa juu, yanazuia unyevu usitoroke. Poda hapana. Spirit ni ya jeraha.

Chepesi cha maji kitangulie, kizito cha mafuta kifunge mlango. Na ngozi ikishatosheka, acha. Hiyo ndiyo layering yenu, mzee wa Paya aliijua kwa kuteseka.

Alinikatia nusu ya jiwe lake la shabu kwa panga, akaifunga kwenye kitambaa.

Niliporudi rasmi na baba mdogo, sikuwa na uso wa malaika. Makovu yalikuwepo. Lakini ngozi ilikuwa imelala na haikuniwasha. Shangazi alinisogelea, akanichunguza kama anayenunua kitambaa, akasema, "Sasa naona mtu." Akaketi. Maneno yakaendelea, na mwaka huohuo tukafunga ndoa kanisani Tororo.

Jioni ya harusi nilimkuta mzee amekaa peke yake, viatu amevua. Nilikuwa nimebeba swali kwa muda mrefu. Nikamuuliza kwa nini siku ile aliniosha mbele ya watu wote, wakati angeweza kuniita kando.

Akafikiri.

"Kama mimi naita wewe kando, watu nasema tumeficha ugonjwa. Athieno nabaki na hiyo maneno maisha yake yote." Akasugua magoti yake. "Wewe nilikuwa sijui bado. Mimi nilikuwa naosha jina ya mtoto yangu."

Nikachukua viatu vyake nikavipangusa vumbi, naye akaniacha nivipanguse.

Nimesoma hili kwa sauti hapa sebuleni. Athieno, siku hizi Mama Owor mdogo kwa jina la mwanetu aliyerithi la babu yake, ameacha mboga. Anasema hakuwahi kuambiwa maneno hayo ya baba yake, na ananilaumu kwa kukaa nayo peke yangu miaka yote hii.

Nilichojifunza: uso unaoungua usiuongezee chupa, upunguzie. Na mtu akiaibishwa mbele ya watu, kama una uwezo wa kumsimamia, msimamie hapo hapo, palepale wanapotazama.

Wenye ndevu za kujikunja, njooni mseme mnapaka nini na kwa mpangilio gani. Na aliyewahi kuwa na mkwe wa namna hii asikae kimya, tumsikie.