Gari Lililopanda Mlima kwa Kisogo

Ukifika Ukunda leo ukauliza ni fundi gani anayeweza kulichukua gari linalovutwa na magurudumu ya mbele akaligeuza lisukumwe na ya nyuma, utaletwa kwangu. Sioni haya kulisema. Diploma yangu ya ufundi wa magari imetundikwa juu ya benchi la kazi, ndani ya fremu ya chuma niliyoichomelea kwa mikono yangu. Nilikwenda Ghuba, Uarabuni, na begi moja, nikarudi na ujuzi uliojenga gereji ya mawe, na wenye majumba ya Diani huniletea magari yaliyowashinda wengine. Lakini kazi ninayotaka kukusimulia, rafiki yangu, haikuletwa na mteja. Ilikuwa ya gari la marehemu baba.

Nililikuta nyumbani kwa shangazi, Msambweni, chini ya banda la makuti. Lilikuwa gari dogo, fupi, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Nilipouvuta mlango ukaachia, ilinipiga harufu ya korosho mbichi na petroli, na papo hapo nikawa mtoto tena, miguu yangu haifiki chini, mbele yangu bahari yote.

Kwetu ni juu ya kilima, nyuma ya Msambweni, kwenye mashamba ya mikorosho, michungwa na mihogo. Gari la baba ndilo lililokuwa miguu ya kilima kizima. Asubuhi liliwashusha akina mama waliokwenda sokoni, na mgonjwa akiwapo, alipelekwa hospitali kwanza. Alasiri lilirudi na mchele, mafuta ya taa na samaki waliofungwa kwa majani ya mgomba. Mama alinunua viazi karai kituoni, moto, vimemwagiwa ukwaju wenye pilipili, nasi tukavila njiani huku tukipuliza vidole.

Barabara ilianza kwa mchanga mweupe, kisha ikawa murram nyekundu, kisha ikasimama mbele yako kama ukuta. Kokoto zake zilikuwa huru, zikiteleza kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni. Gari lile lilikuwa na nguvu zake mbele, na abiria na mizigo nyuma. Likiuelekea mlima, uzito wote uliangukia nyuma, magurudumu ya mbele yakawa mepesi, yakazunguka bure na kutema vumbi. Kwa hiyo baba alifanya walivyofanya wote wenye magari ya namna ile pande zetu. Chini ya mkorosho mkubwa aliligeuza gari, likauelekezea mlima mgongo, akasema Bismillahi, akaupanda mlima wote kinyumenyume.

Mimi niliketi mbele na gunia miguuni, ili kuongeza uzito pale ulipotakiwa. Baba alijipinda, akaupitisha mkono wake wa kushoto nyuma ya kiti changu, akatazama kupitia kioo cha nyuma mpaka juu. Mkono ule ulinigusa shingo. Ulinuka sabuni ya mche na grisi. Injini ililia kilio kimoja kirefu, nami nikawa natazama dunia ikishuka: mkorosho ukawa mdogo, paa za Msambweni zikajitokeza, kisha minazi, kisha bahari, ikipanuka kadiri tulivyopanda. Sijaona kitu kizuri kuliko hicho, na nimekwishapanda ndege.

Shuleni hawakuniacha. Wavulana waliniuliza, nyuso zao kavu kabisa, "Jana tulimwona baba yako mlimani. Alikuwa yuaja ama yuaenda?" Nilipigana mara nyingi kwa ajili ya swali hilo. Nilipomweleza baba, alinipa msemo wake ambao kilima kizima kiliujua: "Mlima hauulizi umekuja kwa uso ama kwa kisogo. Wauliza kama umefika." Mimi sikutulia. Nilimwambia siku moja nitalifanya gari lake liupande mlima kwa uso, na wote walioniuliza watakuja kutazama. Alicheka mpaka akafuta macho. "Soma kwanza," akasema. "Ukishasoma, gari ni lako."

Nikasoma. Baba alifariki nikiwa Ghuba, na kwa dini yetu maiti haingojei ndege. Walimzika juu, shambani, na mimi, kwa simu tu, nililisikia kaburi likifukiwa. Niliporudi nilimleta mama Ukunda, nikampa chumba chenye feni na mlango mpana kwa ajili ya magoti yake. Alishukuru. Lakini tangu mazishi hakuwa amekanyaga kwake, na siku moja baada ya sala ya alasiri alisema anataka kupanda, alale nyumbani, amsomee mumewe Fatiha. Nikamwambia nitampeleka kwa gari langu, kubwa, linalopanda popote.

"La," akasema. "Nitapanda kwa gari la baba yako. Na ukiona halifai, niache nikae."

Nikajua saa ya ahadi imefika. Singempandisha mama kinyumenyume mbele ya watu, mimi mwenye cheti ukutani. Nililivuta gari kutoka kwa shangazi mpaka gereji, nikanunua pikapu iliyopinduka barabara ya Lunga Lunga, nikachukua injini yake, giaboksi, na propela na difu, vile vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Injini ya baba ilikuwa imelala kwa upana. Hii mpya ilitaka kulala kwa urefu, kwa hiyo nikaukata ukuta wa mbele na kuujenga upya. Nikapasua sakafu katikati, nikachomelea handaki la bati ili propela ipite. Nikalihamisha tangi la mafuta. Jirani yangu wa gereji, Mkamba muuza vipuri, alikuja kila siku na chai yake kunitazama. "Fundi," akaniuliza, "waichukua miguu ya mbele waipeleka nyuma? Kwani wamtengeneza sungura, arukaye kwa miguu ya nyuma?" Nikamwambia angoje.

Siku ya kwenda, mama alivaa buibui lake jipya, akaketi kiti cha nyuma, pale pale pake pa zamani. Tulipofika kwenye mkorosho sikusimama. Nilitia gia ya kwanza, na gari likaukabili mlima kwa uso. Magurudumu ya nyuma yaliuma kokoto, mgongo wa kiti ukanisukuma, tukapanda kama tuliovutwa kwa kamba. Wallahi nilitamani baba angekuwepo. Mbele yangu sikuona ila udongo mwekundu na anga.

Kwenye kioo nilimwona mama amekaza macho mbele. Katikati ya mlima nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Natazama kisogo chako."

Sikuelewa. Akasema polepole, kama anayejisemea, "Nyumba ina kazi, ina watoto, ina wageni. Baba yako na mimi tulikuwa hatupati kutazamana. Ila hapa. Mlima huu wote aliupanda uso wake umenielekea."

Nilisimamisha gari, nikavuta breki. Miaka yote ile mimi nilitazama bahari, na nyuma ya kichwa changu kulikuwa na kitu kingine kikipita ambacho sikukijua.

Nilishuka kinyumenyume mpaka chini, nikaligeuza penye mkorosho kama alivyofanya baba. Nikautandaza mkono wangu nyuma ya kiti kitupu, nikajipinda, nikamtazama mama. Alizirekebisha nguo zake. Nikasema Bismillahi, nikaachia klachi. Magurudumu yalizunguka bure. Nilijaribu tena, na harufu ya mpira ikajaa ndani. Nilijua sababu, hakuna aijuaye kuliko mimi: sasa nguvu zilikuwa upande wa juu, na uzito ulikuwa umeziacha. Kwa kulifundisha gari kupanda kwa uso, nilikuwa nimelisahaulisha njia ya baba.

Nilibaki nimejipinda hivyo hivyo, injini ikinguruma, gari halisogei. Uso wa mama ulikuwa karibu sana. Kulikuwa na makunyanzi ambayo sikuwahi kuyaona.

"Mfanano na baba yako upo," akasema. Kisha akatabasamu. "Basi, mwanangu, geuza. Twende, nitazame kisogo chako, mradi tufike."

Tukafika. Watu walitoka mashambani kushangaa, wakaligonga boneti, wakanipa hongera, na mmoja wa wale wavulana wa shule, sasa ana mvi, alinisalimu kwa heshima na wala hakuuliza chochote. Ile ndiyo kazi yangu bora, na nitaisema hivyo mbele ya fundi yeyote wa pwani hii. Wanasema lami itafika kileleni, na kila gari litapanda linavyotaka. Hakuna tena atakayegeuza chini ya mkorosho.

Mama alikwenda kaburini akitembelea mkongojo wake. Alipomaliza Fatiha hakuondoka kwa kugeuka. Alirudi hatua kwa hatua, kinyumenyume, uso wake umemwelekea baba, nami nikasimama nyuma yake, mikono nimeitandaza, asije akajikwaa.